Mchanga wa Jiwe Jipya

Nilipoolewa Mulongwe, kando ya ziwa, nilikuta jiko moja na wanawake wawili, na aliyezidi ni mimi. Jiko lilikuwa la mama mkwe wangu. Mafiga yake, sufuria zake, mwiko wake, na pale karibu na ukuta jiwe lake la kusagia. Kwa watu wa upande wa bwana wangu, bibi arusi hapati jiko lake mpaka mama mkwe amuwekee jiwe. Si mume anayeliweka, wala baba mkwe. Mama mkwe mwenyewe analitafuta, anajenga kijukwaa cha udongo, analilaza hapo, anapiga magoti na kusaga konzi ya kwanza. Kuanzia siku hiyo unapika kwako. Kabla ya hapo unapika kwa mama, unasaga kwa mama, na maneno ya jikoni ni ya mama.

Mimi nilitaka jiko langu. Nalisema wazi, kwa sababu wako wanawake wa rika langu ambao leo wanajifanya walikuwa wavumilivu, walikaa kwa mama mkwe wakitabasamu tu. Labda. Mimi nililitaka jiko langu tangu wiki ya kwanza, nikalitaka nikiamka na nikilala, na sikuona haya.

Tena mama mkwe wangu hakuwa mbaya, na hapo ndipo penye shida. Mama mkwe mbaya unamsema kule mtoni mkifua, wenzako wanakupa pole, unarudi nyumbani umepoa. Wangu alikuwa mnene, mcheshi, mkono wazi, Mulongwe nzima ilimpenda. Ila hakuweza kuniona nimeshika mwiko akanyamaza. Anakaa kwenye kigoda chake mlangoni, anachambua sombe, majani ya muhogo, na mdomo wake uko ndani ya sufuria yangu.

“Songa, mwanangu, songa. Hiyo bugali iko na usingizi.”

Nasonga.

“Si hivyo. Unaipapasa sawa mutoto mugonjwa. Ikandamize.”

Naikandamiza mpaka mafiga yanahama. Halafu wageni wakija anawaambia kwa sauti kubwa kwamba mkwe wake anajua kupika, ona, na yeye hakugusa kitu. Na ni kweli hakugusa. Mikono yake ilikuwa misafi kabisa.

Bwana wangu alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini Kalundu, mtu mrefu, mpole, mwenye mabega ya kubeba magunia na moyo usiobeba ugomvi hata kidogo. Nilipomwambia aseme na mama yake, alikuna kisogo, akasema mambo ya jiko ni ya wanawake, akakumbuka kwamba kuna mpira uwanjani. Kila nilipolianzisha hilo, kulikuwa na mpira uwanjani.

Hiyo ilikuwa miaka ile ya Uhuru, watu bado wana furaha ya kucheza ngoma hata siku za kazi. Mjini kulikuwa na mashini ya kusaga iliyokunywa mafuta ya mazuti na kupiga kelele mpaka ziwani. Wanawake walipeleka mihogo yao mikavu wakarudi na unga mweupe, umewapaka hadi kwenye nyusi. Nani tena aliinama juu ya jiwe? Jiwe la mama mkwe wangu lilikuwa limegeuka meza ya kuwekea sufuria. Kwa hiyo nilipouliza, kwa adabu, kwa kuzunguka, wakati mwingine bila kuzunguka, jibu lilikuwa tayari.

“Jiwe nitalitoa wapi, mwanangu? Wachongaji wote wamekwenda kuchonga ngazi za nyumba za serikali. Tena juu ya kazi gani? Mashini iko.”

“Basi kama mashini iko, niwekee jiko bila jiwe.”

“Jiko bila jiwe,” alisema, akacheka mpaka akashika tumbo, akaenda kumweleza jirani.

Sasa kichekesho chenyewe ni hiki: baba yangu alikuwa mchongaji wa mawe. Kwetu ni juu ya Sange, pale tambarare ya Ruzizi inapochoka na milima inaanza. Uwanja wetu ulijaa mawe ya kusagia, mengine yamekwisha, mengine nusu, na misalaba ya makaburi iliyokuwa ikingoja wenyewe. Ningeomba jiwe asubuhi, jioni lingekuwa limefungwa kwenye baiskeli. Lakini bibi arusi haji na jiwe la kwao. Kuja nalo ni kuwaambia watu wa mume, najua ninyi kwenu hamna cha kusaga. Ni tusi, na bibi arusi mmoja aliyeolewa upande wa bwana aliwahi kurudishwa kwao na jiwe lake kichwani. Hivyo mawe yote ya baba yangu hayakunifaa kitu. Binti wa mchongaji, na sina jiwe. Nilikasirika sana jamani.

Mama yangu alizaa wasichana watupu, na baba hakuwa mtu wa kukaa akingoja watoto wa wenzake waje kumsaidia. Watu wa kijijini walisema mwanamke hagongi jiwe. Baba aliwauliza, “Jiwe litajuaje?” Nikajifunza mimi, kwa sababu dada zangu waliogopa vijiwe kuingia machoni, na mimi nilipenda kupiga kitu.

Kwanza unalipigia hodi. Unaligonga kwa nyundo ndogo, hapa, na hapa, na kule, unasikiliza. Jiwe zima linaitika kwa sauti ya juu, safi. Jiwe lenye ufa linakohoa. Kama bado una shaka, unalimwagia maji na kuliacha juani. Likikauka lote pakabaki mstari mmoja mweusi wenye unyevu, hapo ndipo ufa ulipojificha, na hapo ndipo litakapokuachia mikononi baada ya kazi yote. Ukitaka kulipasua jiwe kubwa, unachimba vishimo mstari mmoja, unapigilia vigingi vya mti mkavu, unavilowesha maji. Mti unavimba. Unakwenda kula, unakwenda kulala, na asubuhi unakuta limejipasua lenyewe, limenyooka, limetulia. Baba alilitazama kila mara kwa mshangao uleule, na alikuwa amefanya hivyo tangu ujana wake.

Tindo zake zilifuliwa na mhunzi kutoka resori, zile springi za malori yaliyokufia barabarani. Tindo unailaza kidogo. Ukiisimamisha wima na kupiga kwa nguvu unalitia jiwe jeraha, doa jeupe linabaki ndani, na siku moja linabanduka kipande hapohapo. Jiwe la chini linachongwa literemke kuelekea mbele, ili unga ukimbie mbali na magoti yako. Jiwe la juu, lile la mkononi, linapimwa kwa viganja vya mwanamke atakayelitumia. Mwisho unachukua jiwe jeupe gumu, lile linalong’aa, unadonoa uso wote, nukta kwa nukta, mpaka ukipitisha kiganja unasikia ukali. Baba aliita kazi hiyo kulitia meno.

Na jiwe lililotoka kutiwa meno linatoa mchanga. La zamani ulilolinoa upya linatoa siku chache, unalisagia makapi, unawapa kuku. Jiwe jipya kabisa ni jambo lingine, linatoa mchanga msimu mzima, mpaka uso wake ukomae kwa kusagiwa na kusagiwa. Watu wa kwetu walililisha pumba na mihogo iliyooza. Mchanga ule hauonekani kwenye unga. Unausikia kwenye meno, na tumbo linausikia baadaye.

Halafu uasi ukatushukia. Sitaeleza siasa, wako waliosoma watakaoeleza, na kila mmoja ataeleza kivyake. Mimi nilichoona ni vijana wenye mikuki na majani kichwani wakishuka barabarani wakiimba, na askari wa serikali ambao jana walikuwa wakitudai vitambulisho hawapo tena. Mwenye mashini alivuka kwenda ng’ambo ya mpaka akaondoka na funguo. Hata angeziacha, mazuti yalikuwa wapi? Mashini ikanyamaza. Na Mulongwe yote, baada ya miaka ya unga wa mashini, wanawake wakainua macho wakatafuta mawe yao.

Mama mkwe aliondoa sufuria juu ya jiwe lake, akalipangusa, akapiga magoti, akaanza. Jiwe lilikuwa laini sawa na sabuni. Muhogo uliteleza mbele, uliteleza nyuma, ukatoka ulivyoingia. Alisaga mpaka jasho likadondoka puani, akapata unga wa kumtosha panzi.

“Limezeeka,” alisema.

“Halijazeeka, mama. Limeng’oka meno.”

Akanitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alinitazama jikoni bila kuangalia mkono wangu unafanya nini. Nikaenda kwenye sanduku langu, nikatoa tindo mbili na nyundo ambazo baba alinipa siku naondoka. Tindo hazikatazwi, ni jiwe tu linalokatazwa. Nikalitoa jiwe nje, nikakaa chini, nikaliweka kati ya miguu, nikaanza kugonga. Majirani walikuja mmoja mmoja, wakajifanya wamekuja kuomba moto.

Kazi ilipokwisha nilimwambia mama mkwe, “Unga wa leo ni wa kuku. Na wa kesho.”

“Nimesikia.”

Alisikia, ila mchana huohuo kundi la wale vijana likaingia uwanjani, mikuki mkononi, wakasema wana njaa. Mimi nilikuwa mtoni. Ungewaambia nini watu wa namna hiyo, kwamba unga upo lakini ni wa kuku? Mama mkwe akapika. Niliporudi na ndoo kichwani niliwakuta wamekaa duara, bugali katikati, ndagala, vile visamaki vya ziwani, pembeni, na kutoka kwenye vinywa vyao nasikia kitu kinasagika. Krr. Krr. Wote wametulia, wanatafuna taratibu, wanatazamana.

Mkubwa wao alitoa punje moja ulimini, akaiweka kwenye kidole, akaiangalia.

“Mama, humu iko nini?”

Nikatua ndoo chini. Mama mkwe wangu hakusita hata kidogo. “Iko nguvu, mwanangu. Ile bugali laini ni ya batu wa kukaa mu ofisi.”

Yule kijana alifikiri. Kisha akacheka, na alipocheka yeye wenzake wakapata ruhusa ya kucheka, wakaimaliza yote, wakanywa maji mengi, wakaondoka. Mmoja alirudi wiki iliyofuata kuomba tena ile bugali ya nguvu. Walipopotea barabarani, mama mkwe alikaa kwenye kigoda chake, akaniambia, “Weye utaniua na meno ya jiwe lako.” Nikamwambia nilisema ni ya kuku. Akasema kuku hawana mikuki. Tukacheka mpaka tukalia, mimi na yeye, tumeshikana, na siku ile nilimpenda sana. Jioni akaniambia nimezidisha maji kwenye sombe.

Basi kazi ikanipata. Nilitia meno mawe ya Mulongwe karibu yote, na kila jiko nililoingia lilikuwa la mwanamke fulani, lake mwenyewe. Nilirudi nyumbani nina wivu. Siku moja nilitua vyombo vyangu mbele ya mama mkwe nikasema yote kwa mkupuo mmoja, kabla ujasiri haujapoa.

“Mama, ulisema mchongaji hayupo. Yupo, anakula kwako. Jiwe la kwetu ni tusi, sawa, silitaki. Lakini mto huu ni wa kwenu, na mawe ya mto huu ni ya kwenu. Weye litafute, minye nitalichonga, weye uliweke. Nani atasema desturi imevunjika?”

Aliweka chini sombe aliyokuwa akichambua. Nilidhani amekasirika. Alipoongea sauti yake ilikuwa ndogo.

“Na minye nitapika na nani?”

Niseme ukweli, jibu la hilo sikulitafuta. Nilikuwa kijana, nilikuwa na hamu yangu, nikaona anataka kuniyumbisha. Akavuta pumzi, akafunga kitenge vizuri, akasema, “Twende mtoni kabla jua halijakuwa kali.”

Mto Mulongwe ukifurika unashusha mawe kutoka milimani, mengine makubwa kama ng’ombe aliyelala. Tuliingia katikati ya mto, maji yamepungua, yeye mbele akinyoosha kidole. Mama mkwe alichagua mawe kwa uzuri. Aliona jekundu lenye mistari akasema ndilo. Nililigonga, likakohoa. Akaona jingine la mviringo, likakohoa vilevile. “Masikio yako yanakataa mawe yangu,” alisema, “kwa sababu nimeyachagua minye.” Nikampa nyundo agonge mwenyewe. Akagonga, akasikiliza, akagonga jeusi la pembeni lililokuwa baya la kutazama, lina mgongo, lina matope. Likaita. Alishtuka. Akaligonga tena, kisha akaanza kugonga kila jiwe njiani kama mtoto mwenye ngoma, na kila likikohoa anasema, “Gonjwa. Na hili gonjwa.” Lakini alirudi kwa lile jeusi. Tulilimwagia maji, tukakaa kivulini tukila muhogo wa kuchoma, na lilipokauka halikuacha mstari wowote. Alilipiga kofi mgongoni akasema, “Nimelipata.” Ndiye aliyepaswa kulipata.

Bwana wangu alikuja na wenzake wa bandarini, hawakuwa na meli ya kupakua, wakalisukuma kwa baramina za chuma na miti hadi uwanjani huku wakiimba nyimbo za kazi ambazo siwezi kuziandika hapa. Nililipasua kwa vigingi, likatoa uso mmoja mzuri. Nikaanza kulichonga. Mama mkwe alihamisha kigoda chake kutoka mlango wa jiko akaja kukaa karibu na jiwe, na baada ya siku kidogo alikuwa na la kusema.

“Laza tindo, mwanangu. Unalitia jeraha.”

Nilisimamisha nyundo hewani. Alikuwa sahihi, hiyo ndiyo iliyoniuma. Nikailaza.

Kabla sijalimaliza, vita vikageuka. Ndege zilipita juu ya ziwa, watu wakasema askari wa serikali wanarudi na kwamba hawaulizi maswali. Tulifunga tulichoweza, tukapanda milimani kwa miguu, tukafika kwa wafugaji wa upande wa Mulenge waliomfahamu baba mkwe wangu, marehemu, kwa mambo ya ng’ombe. Watu wema. Walitupa kibanda na maziwa, jioni wakasali na kuimba nyimbo zao za kanisa, na sisi Wakatoliki tukaimba kwa nguvu tusijue tunaimba nini. Baridi ilikuwa kali. Huko ndiko niliko­gundua kwamba nina mimba, na mama mkwe aligundua kabla yangu, kwa jinsi nilivyokataa maziwa. Alifurahi, akawaambia wafugaji, akawaambia ng’ombe pia. Kwa muda wote wa huko milimani nilifikiria jiwe langu lililobaki uwanjani bila meno. Wengine waliota nyumba zao. Mimi niliota jiko ambalo hata halijajengwa.

Tuliporudi, sufuria zilikuwa zimechukuliwa, milango imechukuliwa, hata kibao cha banda la kuku kimekwenda. Jiwe lilikuwepo palepale. Kuna watu walilikalia wakala samaki juu yake, magamba yalikuwa yamekauka pale. Nilipiga magoti nikaligonga, na lilipoita nililia kama mpumbavu. Bwana wangu aliniambia tutanunua sufuria nyingine, akidhani nalilia sufuria.

Nikalimaliza. Bwana wangu akajenga jiko langu kwa miti na udongo, kando ya lile la mama yake, mlango kwa mlango, akaliezeka kwa nyasi. Mimi nililitia jiwe meno huku tumbo likinizuia kuinama vizuri, na jiwe la mkononi nililipima kwa viganja vyangu. Mama mkwe alikanyaga udongo wa kijukwaa kwa miguu yake mwenyewe, hakutaka msaidizi. Siku ya kuliweka walikuja mashangazi wa bwana na wanawake wa majiko yote niliyoyahudumia. Njaa ilikuwa bado ipo, kila mmoja alileta alichokuwa nacho, konzi ya muhogo, konzi ya mtama. Nilivaa kitenge changu cha arusi, hakikufunga tumboni, nikakibana kwa pini. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiseme vipi. Nilisimama mlangoni mwa jiko langu nikiona watu wanaingia na kutoka.

Mama mkwe akaliweka. Akalisawazisha, akaliegemeza, akapiga magoti, akasaga konzi ya kwanza, wanawake wakapiga vigelegele. Akauchukua unga kidogo kwa vidole, akauweka ulimini. Akatafuna polepole, macho chini. Kisha akainuka, akanitazama tumboni, akatoka nje.

Tulimwona anaingia jikoni kwake. Akatoka na mwiko wake na kile kisufuria kimoja tulichokuwa tumenunua. Akavileta, akaviweka ndani ya jiko langu. Akarudi, akaleta kigoda chake. Akakiweka karibu na jiwe jipya, akakaa.

“Hapa ni kwangu,” alisema.

Vigelegele vikakatika. Mbele ya mashangazi, mbele ya kila mtu, nikasema, “Mama, hilo ni jiwe langu. Nimelichonga kwa mikono yangu. Hili ni jiko langu na umeniahidi.” Shangazi mmoja alinivuta kitenge. Sikunyamaza. Nilimwambia kwamba hakutaka kamwe nitoke kwake, kwamba kama hawezi kuishi bila kunisimamia aseme mbele ya watu wasikie.

Aliniacha nimalize. Alikuwa na subira ya ajabu kwa mtu ambaye hakuweza kusubiri bugali iive.

“Umemaliza?”

Nikasema nimemaliza.

“Jiwe hili bado bichi, weye unalijua kuliko minye. Linatoa mchanga, na litatoa mpaka mvua ije na iondoke. Mwaka huu nani ana muhogo wa kulisagia kuku? Unga wa hili jiwe lazima muntu aule.” Akanyoosha kidole kwenye tumbo langu. “Huyu hatakula mchanga. Na weye ukimunyonyesha hutakula mchanga. Nenda jikoni kule. Jiwe langu limetulia, uliliponya weye mwenyewe. Minye meno yangu yamebaki machache, hayana cha kupoteza. Nitalikomaza.”

Nikapiga magoti pale kwenye udongo mbichi, kitenge kikafunguka pini, nikaweka kichwa mapajani mwake nikalia kwa aibu na kwa kitu kingine kikubwa kuliko aibu. Alinipigapiga mgongoni akasema nisilowanishe unga.

Hivyo nikapata jiko langu, lile lile nililokuwa nalikimbia. Mafiga yaleyale, ukuta uleule wenye masizi. Nilisonga bugali peke yangu na hakuna aliyeniambia kitu, maana aliyezoea kuniambia alikuwa mlango wa pili, akisaga. Nilimpelekea unga wangu laini, akaukataa. Alisema akiula wangu, jiwe litakomazwa na nani. Nilimpelekea mboga, hiyo aliipokea na kuikosoa. Mtoto alizaliwa, msichana, na kutoka kitandani nilisikia jiwe lile upande wa pili likisaga kila asubuhi, na mchana nikamsikia mama mkwe akila, krr, krr, akinywa maji, akiendelea. Jino moja lilivunjika. Aliniletea kunionyesha, akicheka, kama mtu aliyeshinda kitu.

Mvua ilikuja ikaondoka. Mtoto alikuwa ameanza kukaa mwenyewe na kunyang’anya vijiko. Siku moja mama mkwe aliita kutoka jikoni kwake nimlete. Nilimkuta amepika bugali ndogo, ya unga wa lile jiwe jeusi. Akamega tonge, akalitia mdomoni mwake, akafumba macho, akatafuna taratibu sana upande ule aliobakiwa na meno. Nikasimama nikisikiliza pamoja naye. Hakukuwa na sauti yoyote. Akatafuna tena kuhakikisha. Kisha akamega kipande kingine kidogo, akakipoza kwa pumzi, akampa mtoto.

“Kula,” alimwambia. “Jiwe hili ni la mama yako.”

Mtoto akameza, akafungua mdomo tena.